Kasula ya padre mpya: tunavyoikata na kuishona dukani kwetu Morogoro

Msimu wa upadrisho ukikaribia, simu ya duka hailali. Oda zetu nyingi huingia kuanzia Aprili, maana Juni na Julai ndiyo miezi ya sherehe hizo, na kila ukoo unataka kijana wao avikwe kasula (vazi la juu la padre kwenye Misa) iliyoshonwa kwa ajili yake, si ya kuazima sakristia. Mara nyingi anayeleta oda siye atakayeivaa. Ni shangazi na mfuko wake wa vitambaa, ni WAWATA, akina mama Wakatoliki wa kigango, waliochangishana, ni wenzake wa seminari ndogo walioanzisha kundi la WhatsApp na kutuma picha lukuki za kasula za Ulaya. Fundi wa nguo za kawaida akiletewa kazi hii huingiwa na woga: ama anaikataa, ama anaipokea na kuishona kama gauni. Nawaandikia mafundi wa namna hiyo.

Duka letu ni la familia. Baba alijifunzia cherehani Bagamoyo kwa fundi wa kanzu, na hadi leo anatumia maneno ya kanzu hata akishona alba, ile kanzu nyeupe ya ndani, ya askofu. Kaka anakata. Mama anadarizi. Mimi nachukua vipimo, nashona stola (ule ukanda mrefu wa shingoni), na nagombana na wateja.

Huko kugombana ni sehemu ya kazi, nisikufiche. Mteja anakuja akitaka dhahabu: msalaba wa dhahabu, zabibu za dhahabu, kingo za dhahabu, na chini lesi. Ukikubali yote unapata kasula nzito isiyokaa mwilini, inayomvuta padre shingo mpaka Misa inaisha. Mimi huwasomea maelekezo ya Misale ya Kirumi (kitabu cha Misa), namba 344: uzuri na hadhi ya vazi la ibada vitafutwe katika kitambaa na umbo lake, si katika wingi wa mapambo. Wakisikia ni neno la Kanisa wanalegea. Kwa hiyo fedha ya oda tunaipeleka kwanza kwenye kitambaa, kisha kwenye mkato. Kinachobaki ndicho cha nakshi.

Kabla hujashika futi kamba

Uliza rangi, na uulize kwa nini. Upadrisho wenyewe hutumia nyeupe, kwa hiyo familia ikishona nyeupe iko sawa. Lakini WAWATA nao wakija wanataka nyeupe, na wanakwaya nao nyeupe, padre ataondoka na kasula nyeupe tatu kwenye sanduku. Waambie wagawane. Rangi atakayoivaa kuliko zote ni kijani, kwa sababu Kipindi cha Kawaida huchukua wiki 33 au 34 za mwaka. Zambarau ni ya Majilio na Kwaresima. Nyekundu ni ya Jumapili ya Matawi, Ijumaa Kuu, Pentekoste na sikukuu za mashahidi, na huku kwetu tarehe 3 Juni, Mashahidi wa Uganda, hakuna parokia isiyoitafuta. Waridi huvaliwa siku mbili tu, Jumapili ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima. Mtu akitaka kutumia pesa nyingi kwa waridi mimi humshauri anunue ya kijani.

Kitambaa cha zambarau usikichague chini ya taa ya duka. Toka nacho barabarani, kiangalie juani. Kuna zambarau ambayo chini ya taa ni nzuri, ukifika nje ni buluu kabisa, na buluu haimo katika rangi za kalenda tunazoshonea.

Kitambaa

Upana ndio jambo la kwanza. Tafuta cha inchi 60, ili kasula itoke nzima bila kiungo katikati. Cha inchi 45 kitakulazimisha uunge vipande pembeni, na kiungo kinachopita juu ya mkono huonekana kila padre anapoinua mikono.

Sisi hununua Kariakoo, na tunachotafuta ni kitambaa kinachoanguka. Kipime hivi: shika ncha moja juu ya ngumi, kiache kining'inie. Kikisimama mbali na mkono kama karatasi, kirudishe. Kikishuka chenyewe kwa mikunjo mirefu, hicho ni chako. Poliesta yenye uzito wa kati inafaa kuliko watu wanavyodhani: haijikunji na inafulika. Pamba na kitani ni vizuri kwa joto la Morogoro ila viloweke usiku na kuvipiga pasi kabla ya kukata, na bitana nayo uiloweke. Nimeona kasula za watu ambazo uso ni poliesta na bitana ni pamba isiyolowekwa. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza bitana imerudi, kasula nzima imekunjamana pindoni. Satini siipendi. Inateleza mezani, inaonyesha jasho, na kwenye picha inang'aa mpaka uso wa padre hauonekani.

Kuhusu kitenge, hakuna kosa. Maelekezo yaleyale, namba 343, yanaruhusu vitambaa vya asili vya mahali husika, na hata visivyo vya asili, mradi viendane na heshima ya ibada, na Baraza la Maaskofu ndilo lenye neno la mwisho. Sisi tunakitumia kwenye ukanda wa mbele na kwenye ncha za stola, huku mwili wa kasula ukibaki na rangi moja inayotambulika mtu akiwa benchi la mwisho. Khanga ndiyo naikataa. Khanga ina jina, na ukanda ukikatwa vibaya utamkuta padre amesimama altareni na "Mtasema mchana usiku mtalala" kifuani. Waumini watasoma hayo hadi mwisho wa Misa.

Kwa kijana wa kimo cha kawaida nunua mita 4 na robo: mita 2.75 za kasula, zinazobaki za stola na vipande vya ndani ya shingo. Bitana ya stola nunua pembeni.

Vipimo

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa sababu wanapima kana kwamba padre atasimama mikono ikiwa chini. Padre kwenye Misa amefungua mikono. Mimi wakija huanza na salamu:

"Tumsifu Yesu Kristo, Shemasi."

"Milele na milele, amina. Dada, nimekuja kupimwa."

"Haya, nifungulie mikono kama unasema 'Bwana awe nanyi'."

Wote huifungua kidogo kwa aibu, viwiko vimebana mbavu. Namwambia afungue kweli, kama atakavyofanya kanisa likiwa limejaa. Hapo napima kutoka mfupa wa shingo nyuma, kupitia begani, hadi kifundo cha mkono. Kasula ikomee hapo kifundoni au inchi moja kabla. Ikipita itaingia kwenye kalisi, kikombe cha divai. Ikiishia kwenye kiwiko itaonekana ya kurithi.

Urefu napima mbele, kutoka begani karibu na shingo hadi katikati ya goti na kifundo cha mguu. Kwa mtu wa futi 5 na inchi 7 huja kama inchi 50. Ukiona padre anapanda ngazi za altare akiwa ameshika vazi lake kwa mikono miwili kama mama aliyevaa gauni la harusi, jua fundi alizidisha hapo.

Kifua kipime juu ya nguo, na uongeze, maana ndani ya kasula kuna alba, stola, na shati. Halafu pima kichwa. Ndiyo, kichwa. Katika ibada ya upadrisho, baada ya kuwekewa mikono na sala ya kuwekwa wakfu, shemasi havai kasula mwenyewe. Anavikwa na padre mwingine, mbele ya askofu, wazazi na kamera zote za ukoo. Yule anayemvika hajawahi kulishika vazi hilo. Shingo ikibana, miwani inaanguka, masikio yanakunjika, na kanisa zima linacheka. Kichwa cha watu wazima wengi ni kama inchi 23. Tundu la shingo la kasula, ukilizungushia futi kwa ndani, lisipungue inchi 26.

Roma kuna duka la familia ya Gammarelli, karibu na Pantheon, lililoanza mwaka 1798. Kwa miaka mingi lilikuwa likishona kanzu nyeupe za saizi tatu kabla ya uchaguzi wa papa, ndogo, ya kati na kubwa, kwa kuwa hakuna ajuaye nani atatoka. Kaka hupenda kunikumbusha hilo ninapomsumbua na vipimo. Namjibu kwamba sisi tunamjua wa kwetu, na tunamshonea moja tu.

Kukata

Kunja kitambaa kwa urefu, ncha kwa ncha, ubaki na inchi 30 mezani, mkunjo ukielekea kwako. Badani ya mbele na ya nyuma zikatwe moja baada ya nyingine kwa mwelekeo mmoja. Usizigeuze ili kubana kitambaa, kwa maana brokedi na vitambaa vingi vinavyong'aa hubadilika rangi ukivigeuza, na utakuta mbele ni kijani cha mgomba, nyuma ni cha mzeituni.

Shingo: kwenye mkunjo pima inchi 4 na nusu kwenda pembeni. Nyuma shusha inchi 1, mbele shusha inchi 7, umbo la V iliyolainishwa. Ukijumlisha, mzunguko wake unafika kwenye zile 26.

Bega ndilo siri ya kasula, na ndilo linalotofautisha vazi la Misa na shuka lililotobolewa. Kutoka kwenye shingo nenda hadi ukingo wa mkono, inchi 29 kutoka kwenye mkunjo, na hapo ukingoni ushuke inchi 7. Chora mstari mnyoofu kutoka shingoni hadi hapo. Mafundi wavivu hukata bega bila mshuko, au hawalikati kabisa, wanakunja tu kitambaa begani. Kasula ya namna hiyo inarundikana shingoni padre akishusha mikono, na kila dakika chache inarudi nyuma inamkaba. Utamwona akiivuta mbele wakati wa mahubiri. Mtu mwenye mabega yaliyoshuka mwongezee nusu inchi. Mwenye mabega ya mraba mpunguzie.

Pembe za chini usiziache kali. Zizungushe kuanzia ukingo wa mkono hadi chini kwa mkunjo mpana. Kaka ana karatasi ngumu ya kasha la friji aliyoikata zamani kwa ajili ya mzunguko huo, na kila kasula inayotoka hapa imepita juu ya karatasi hiyo.

Ukanda na nakshi, kabla ya kuunga mabega

Nakshi yote iwekwe badani zikiwa bado bapa mezani. Ukanda wa katikati sisi hutengeneza wa inchi 4, na kugandisha kitambaa kigumu nyuma yake kwa pasi. Piga bandi katikati kwa mkono kutoka shingoni hadi chini, ndipo uende cherehani. Sasa sikiliza: pande zote mbili za ukanda zishonwe kwa mwelekeo mmoja, kutoka shingoni kwenda chini. Ukishona upande mmoja ukishuka na wa pili ukipanda, cherehani inasukuma kitambaa pande tofauti na ukanda unajipinda. Hakuna pasi itakayounyoosha.

Mapambo yakae wapi? Zamani, kabla ya mabadiliko ya liturujia yaliyotokana na Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, padre kwa kawaida alielekea altare, watu wakiona mgongo wake, na mafundi walimaliza ustadi wao wote nyuma. Sasa anawaelekea watu, ila nyuma bado kunaonekana kwenye maandamano. Mama huweka ishara moja mbele, juu, chini kidogo ya V ya shingo, na nyuma ukanda mtupu. Kiunoni mbele haweki kitu. Hapo ndipo padre anapoegemea altare kila siku, na uzi wa nakshi huchakaa kabla ya kitambaa. Na uzi wa dhahabu wenye madini usifike karibu na shingo, kwa sababu maikrofoni ya kubana huwekwa hapo, na kila akipumua spika zinakwaruza.

Ishara tunazoziamini ni chache: msalaba, ngano na zabibu, Alfa na Omega, njiwa kwa nyekundu. Mpwa wangu ana cherehani ya kompyuta na anaweza kudarizi chochote, hata picha ya Mlima Uluguru na jua likichomoza, na wateja wanaipenda. Mama haipendi. "Mwanangu," aliniambia siku mpwa alipoleta sampuli, "watu wanakuja kuona mkate na divai, siyo Uluguru. Uluguru wanauona wakitoka nje." Ile sampuli imekuwa foronya.

Jina la padre na tarehe ya upadrisho wekeni ndani, kwenye kaba ya shingo, herufi ndogo. Ukoo ukilazimisha jina kifuani nawaambia vazi hilo litarithiwa na mwenzake siku moja.

Kuunga na kupinda

Unga mabega kwa inchi nusu, fungua mshono kwa pasi, piga ovaloki kila upande peke yake. Shingo ivishe kaba ya kitambaa kilekile yenye upana wa inchi 2 na nusu, kata vijimpasuo kwenye mzunguko kabla ya kuigeuza, na pigia mshono wa pili pembeni ili isichungulie.

Sasa itundike. Ining'inie kwenye hanga pana usiku kucha, pindo bila kupindwa. Sehemu za pembeni zilizokatwa mshazari zitashuka kwa uzito wake, wakati mwingine inchi nzima kuliko katikati. Asubuhi mvalishe mtu wa kimo chake, zungusha chaki kwa urefu mmoja kutoka sakafuni, kata ziada. Fundi asiyetundika atashangaa kasula yake imenyooka Jumamosi na kupinda Jumapili.

Pindo la mduara lisikunjwe mara mbili kama suruali, litajaa vijikunjo. Kata utepe wa mshazari wa inchi 2 kutoka kwenye bitana, ushone ukingoni, ugeuze ndani, kisha umalizie kwa mkono, uzi ukishika nyuzi moja mbili tu za uso. Mama hufanya hivyo kwa subana na redio. Sindano ya cherehani namba 14 kwa brokedi, 11 kwa vitambaa vyepesi.

Stola

Stola ni kazi yangu, kwa hiyo nivumilie.

Kila upande ni inchi 52 kutoka kisogoni hadi ncha. Shingoni upana wake inchi 3, chini inchi 5, ipanuke taratibu. Wengi huunga vipande viwili kwa mkato mnyoofu, kama mtu anayeunga mkanda, na stola hiyo inasimama nyuma ya shingo kama kola iliyokasirika. Kata ncha za juu kwa mshazari, upande wa nje ukiwa mrefu kuliko wa ndani kwa inchi moja. Ukiviunga utapata V nyuma, na stola italala.

Ndani weka kitambaa kigumu chepesi, kisifike kwenye mishono. Bitana iwe nyembamba kidogo kuliko uso, ili ukigeuza ukingo wa uso uingie ndani kwa upana wa uzi, na bitana isionekane kwa mbele. Acha mwanya wa inchi 5 katikati ya upande mmoja kwa ajili ya kugeuzia, usiuache kwenye ncha: ncha ndiyo inayoonekana, na mshono wa mkono hapo haufichiki.

Msalaba mdogo uwekwe katikati, kisogoni. Mapadre wengi huubusu kabla ya kuvaa, kwa hiyo udarizi kwa uzi laini wa pamba, usiweke shanga wala madini. Misalaba miwili ya chini ni desturi, si lazima.

Shemasi huvaa stola kutoka bega la kushoto, ikipita kifuani hadi ubavu wa kulia. Padre huiacha ishuke mbele pande zote mbili. Siku ya upadrisho anaingia kanisani akiwa bado shemasi na anageuziwa stola pale pale. Kama stola ni hiyo moja, usiishone ubavuni. Weka kifungo cha kubana, kimoja, ili padre anayemsaidia aifungue kwa kidole badala ya kuhangaika na uzi.

Mabaki ya nyeupe na zambarau usiyatupe. Shona stola nyembamba ya inchi 2 na nusu, upande mmoja nyeupe, wa pili zambarau, bila kitambaa kigumu, ikunjike iingie mfukoni. Upande wa zambarau kwa kitubio, nyeupe kwa kumpelekea mgonjwa komunyo. Hatuitozi. Wengi wa waliopata kwetu wanatuambia ndiyo wanayoitumia kuliko kasula yenyewe.

Alba, kwa kifupi

Anayejua kushona kanzu ya Pwani anajua alba. Baba huikata hivyo hivyo: badani mbili, taharizi pembeni ili iwe na nafasi ya hatua, kikwapa chini ya mkono ili mikono ikiinuka pindo lisipande. Tetroni nyeupe inatosha, ya uzito usioonyesha rangi ya suruali. Wakati wa litania ya watakatifu kijana atalala kifudifudi sakafuni, na akiinuka kila mkunjo utaonekana, kwa hiyo kitani safi kiache kwa sikukuu nyingine.

Kola iwe juu ya kutosha kufunika shati, hapo hahitaji amikto, kile kitambaa cha kufunika shingo. Ikikatwa kwa kuufuata mwili hahitaji hata mshipi. Pembeni, chini ya kiuno, acha mpasuo wa inchi 7 kila upande, uliopindwa vizuri. Bila huo, padre anayetaka kuzima maikrofoni iliyo kwenye mfuko wa suruali itambidi apandishe alba mbele za watu.

Kwenye taharizi acha akiba ya inchi moja na nusu ndani ya mshono. Kijana anatoka seminari mwembamba, anapelekwa parokiani, kila jumuiya inamkaribisha chakula.

Pasi, madoa na kukabidhi

Pasi yote ya mwisho ipigwe kwa nyuma, nakshi ikilala juu ya taulo nene, ili isibonyee. Uzi wa dhahabu wa plastiki huyeyuka kwa pasi ya pamba, ukawa mweusi. Weka kitambaa chembamba katikati na ujaribu kwenye kipande cha mabaki kwanza.

Mwambie familia kuhusu krisma, mafuta matakatifu. Mara baada ya kuvikwa, padre mpya hupakwa mafuta viganjani, na matone hufika kwenye mkono wa alba au ukingo wa kasula. Wasikimbilie maji. Wanyunyize poda au unga wa sembe, ukae usiku, wapanguse, kisha sabuni ya vyombo kidogo kwa vidole na maji ya vuguvugu. Nta ya mshumaa waikwangue ikiwa baridi, waweke karatasi ya kaki juu na chini, wapitishe pasi ya wastani, karatasi itainywa.

Malipo tunachukua nusu mwanzoni, kabla ya kwenda Kariakoo, na iliyobaki siku ya kujaribisha. Siku ya kujaribisha iwe wiki mbili kabla ya sherehe, na aje mwenyewe, asitume mdogo wake. Avae alba, stola, kasula, halafu avikwe na mtu mwingine, kama itakavyokuwa. Afungue mikono, ainame, apige goti, ainue kitabu. Mwache azunguke duka zima. Kama hajaigusa shingo yake hata mara moja, kazi imekubali.

Kasula isikunjwe mara nne kama shuka. Ikunje kwa urefu, pande zikija katikati, kisha uiviringishe juu ya bomba la karatasi wanalotupa maduka ya vitambaa. Ndani ya mfuko tia bahasha yenye kipande cha kitambaa hichohicho, ukubwa wa viganja viwili, na uzi uliotumika, ukiandika namba yake. Parokia za vijijini zina mishumaa mingi na upepo, na rangi ile ile hutaipata sokoni mwakani.